Maswali na Majibu: Damu Kwenye Rambo

Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL. Naweza kuajiriwa maabara ya uchunguzi wa jinai?

Bila kemia wala biolojia? Hapana. Kasome sheria, tutakutana mahakamani: mimi mkemia shahidi, wewe wakili ukinihoji.

Majibu ya vinasaba (DNA) huchukua dakika ngapi? Kwenye tamthilia naona ni papo hapo.

Kila mwezi lazima mtu aulize hili. Kuvitenga vinasaba, kuvipima, kuvizidisha kwenye mashine na kuvisoma ni kazi ya siku moja au mbili, kama sampuli ni safi. Kinachochelewesha ni foleni. Faili lako halipo peke yake mezani.

Mimi ni askari mpya wa upelelezi. Nguo yenye damu nifungeje?

Laiti wenzako nao wangeuliza! Ianike kivulini juu ya karatasi safi, kila nguo peke yake, na ubadilishe glovu kabla ya kushika nyingine. Ikikauka itie kwenye bahasha ya kaki, piga lakiri, andika tarehe, saa na jina la kila aliyeipokea. Rambo, hapana. Damu mbichi ndani ya plastiki hutoa jasho, na ukungu na bakteria huharibu vinasaba. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, ila kwenye dirisha letu la mapokezi bado inaingia. Kuna shati lililokaa siku tisa njiani. Nilipokata fundo, kola ilikuwa imeota manyoya ya kijani. Tuliambulia vipande vya vinasaba visivyomtambulisha mtu yeyote.

Bhangi nayo ni hivyo hivyo. Ukiipima mbichi kituoni ikawa kilo 3, kwangu itafika imekauka, imepungua. Wakili wa utetezi atauliza nani kaivuta hiyo iliyopungua. Andika kwenye fomu kwamba ilikuwa mbichi.

Nina nywele za mtoto, nimezichukua saluni. Nipimie kimyakimya kama ni wangu.

Sipimi. Sheria Namba 8 ya mwaka 2009 ya vinasaba vya binadamu inataka ombi lipite kwa mamlaka inayotambulika, kama mahakama au ofisa ustawi wa jamii. Tena nywele za mkasi hazina mizizi, na vinasaba tunavyovitaka viko kwenye mzizi. Ugomvi wako na mama mtoto umalizeni nyumbani kwanza.

Mkemia akidanganya, nani atajua?

Kwa muda, huenda asijue mtu. Annie Dookhan, mkemia wa dawa za kulevya huko Massachusetts, Marekani, aliandika majibu ya sampuli ambazo hakuzipima. Wakubwa walifurahia kasi yake. Alikiri makosa mwaka 2013, na kufikia 2017 kesi zaidi ya 21,000 zilikuwa zimefutwa, za wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Kwa hiyo bosi akikusifu kwa wingi wa sampuli kuliko wenzako wote, omba mwenzako arudie baadhi.

Harufu mnaizoeaje?

Hatuizoei. Chai tunanywea jengo jingine.