JIBU: Kabla hujalipia jukwaa, walezi unao wangapi?

Mtumishi, usilipe hiyo advansi ya jukwaa na maspika. Kama umeshalipa, kadai urudishiwe, hata kwa hasara. Umeuliza mambo matatu: mkutano wa injili wa siku saba kabla ya Pasaka, bajeti igawanywe vipi kati ya uinjilisti na kuwafundisha waliopo, na vijana wapewe nafasi gani. Nimesoma la kwanza nikashindwa kuendelea.

Sisi tulifanya hivyohivyo. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka watu wanakaa nje chini ya turubai, wazee tukaona sasa ndio wakati wa kuuteka mji. Katibu wa maandalizi nilikuwa mimi, kwa hiyo msihangaike kutafuta wa kulaumiwa. Tulikodi jenereta, tukaalika kwaya, tukaunda mpaka kamati ya maji ya kunywa ya mhubiri. Kamati ya maji! Ya kuwalea watakaookoka hatukuwa nayo.

Kadi za waliompokea Yesu zilijaa boksi la karatasi za A4. Tulipoanza kupiga simu, namba nyingi hazipatikani, na wengine wanapokea kwa ukali, wanadhani tunadai mkopo wa mtandaoni.

Hizo kadi si msiba. Msiba ni mama mmoja aliyekuwa anapika pombe ya mtama. Alikuja mbele analia, mhubiri akaona hapo pana ushuhuda. Kesho yake tukaenda kwake na kwaya na kamera, mapipa yakamwagwa, masufuria yakapinduliwa, tukaimba. Picha zilitoka safi sana, zikatumwa kwa wafadhili. Mtama ule alikuwa ameukopa. Kodi ya chumba ilitoka humo, na sare za watoto pia. Sisi Jumatatu tulikuwa tunafungua jukwaa huku tunapongezana, wala hakuna aliyemuuliza jioni watakula nini. Alikuja ibadani Jumapili chache, anakaa nyuma peke yake. Akaniuliza darasa la ubatizo linaanza lini, nikamjibu Januari. Ilikuwa Agosti! Mwenye deni alipomjia juu, akarudi kupika. Nasi tukamwombea kwa jina kwenye mkesha, "Bwana mrudishe", kana kwamba Bwana ndiye aliyemwaga mtama wa watu. Mpaka leo, mtaa ule ukibisha hodi na Biblia mkononi unaulizwa, "Leo mmekuja kumwaga nini?"

Na aliyetupoteza namkumbuka vizuri. Mwinjilisti wetu mgeni, kwenye semina ya maandalizi, alisema kazi yetu ni kutupa nyavu tu, kulea ni kazi ya Roho Mtakatifu. Tukaitikia amina kwa nguvu. Jumatatu alfajiri yeye yuko kwenye basi na bahasha yake, samaki katuachia mchangani. Mtu huyohuyo kila jioni alifungua na Mathayo 28:19, "mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi"! Mstari wa 20, "na kuwafundisha kuyashika yote niliyowaamuru ninyi", uko palepale chini yake. Katika Matendo ya Mitume, Barnaba na Sauli, yaani Paulo, walikaa Antiokia mwaka mzima wakifundisha, na huko ndiko wanafunzi walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Mwaka mzima, tena bila jenereta.

Kwa hiyo shika hili moja: usiite watu wengi kuliko walezi ulionao. Mlezi mmoja, watu watatu, basi. Majina ya walezi yaandikwe kabla bango halijachapishwa. Mlezi si lazima awe amesoma chuo cha Biblia. Ni mtu anayefika kwako ndani ya siku tatu, anasoma nawe Injili ya Marko sura kwa sura, na anajua unadaiwa na nani. Biashara ya pombe mtu ataiacha vipi, na kwa mtaji gani mwingine, hayo yazungumzwe kwanza. Mapipa atamwaga mwenyewe, bila kamera.

Usiniambie hiyo ni polepole mno. John Wesley, yule mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, na wenzake walipoanzisha vikundi vya watu kama kumi na wawili kule Bristol, Uingereza, mwaka 1742, shida yao ilikuwa deni la jengo. Kiongozi alipita kwa kila mtu kila wiki kuchukua peni moja. Katika kupita huko wakamkuta huyu anagombana na mkewe, yule amelewa, wakaona kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe. Madeni ya majengo na sisi tunayo tele, ila tunayatangaza madhabahuni.

Wewe umesema una washirika mia na hamsini. Uliza ni nani ataweza kweli kumtembelea mtu kila wiki mpaka mavuno. Ukipata kumi ushukuru. Basi fanya mkutano wa watu thelathini: jioni mbili pale sokoni, spika moja ya kuazima. Mhubiri awe wa hapohapo mjini, mtu ambaye Jumatatu atapatikana. Maji atabeba mwenyewe.