Maswali ya Wasomaji: Shule yetu ya mtaa ikabidhiwe mwendeshaji binafsi?

SWALI

Ndugu Mhariri, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Tanga mjini, na ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya mtaa wetu. Hivi karibuni tuliitwa kikaoni, tukaambiwa kwamba ipo taasisi inayotaka kukabidhiwa shule yetu iiendeshe kwa mkataba na Serikali. Ada haitakuwepo, walimu wataendelea kulipwa na Serikali, ila taasisi ndiyo itakayomchagua mwalimu mkuu, kupanga ratiba na kupokea watoto. Tuliambiwa pia kwamba mfumo huu umefanikiwa sana Marekani, ambako shule za namna hiyo huitwa charter. Fomu tuliyogawiwa ilikuwa na kurasa mbili, na ukurasa wa pili ulikuwa na mistari ya sahihi zetu tu. Katika ukurasa wa kwanza kuna kifungu kinachosema kwamba mtoto atapokelewa “baada ya usaili”. Mwanangu wa tatu hasikii vizuri. Nilipouliza usaili huo utakuwaje kwake, nilijibiwa kwamba mambo madogo madogo yatazungumzwa baadaye. Wazazi wengi tumekataa kutia sahihi, na sasa tunaitwa wapinga maendeleo. Madarasa manne ya shule hiyo tuliyainua wenyewe kwa tofali na mchanga wetu hadi usawa wa linta, ndipo halmashauri ikaja kupaua. Je, tunakosea kupinga? Na sheria inasemaje?

JIBU

Dada yangu, hamkosei. Mjumbe wa kamati anayekataa kutia sahihi kwenye karatasi isiyosema mtoto atapokelewa vipi, ametimiza kazi aliyochaguliwa kuifanya. Ninachotaka ni kwamba mpinge kwa hoja zitakazosimama mbele ya baraza la madiwani, na kwa hiyo nitaanza na hiyo Marekani mliyotajiwa, kwa sababu mmesimuliwa nusu ya habari.

Shule hizo za charter, yaani shule za mkataba, zilipata sheria yake ya kwanza katika jimbo la Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa katika mji wa St. Paul mwaka uliofuata. Mtu aliyelipa wazo hilo nguvu kitaifa, mwaka 1988, alikuwa Albert Shanker, rais wa chama cha walimu cha American Federation of Teachers. Alitaka walimu wenyewe wapewe nafasi ya kujaribu njia mpya za kufundisha ndani ya shule za umma, hasa kwa watoto ambao njia za kawaida zilikuwa zimewashinda. Haikupita miaka mingi Shanker huyo huyo akawa mkosoaji wa shule hizo, alipoona makampuni yanaingia mahali alipokusudia waingie walimu. Kwa muundo wake, Serikali hutoa fedha, mwendeshaji huendesha kwa mkataba wa miaka maalumu, ada haitozwi, na mkataba unaweza kuvunjwa matokeo yakiwa mabaya. Tena, watoto wakiomba wengi kuliko nafasi zilizopo, kwa kawaida hupigwa kura ya bahati nasibu hadharani. Hapo ndipo fomu yenu inapopingana na mfano inaoutaja: shule ya mkataba ya kawaida kule haimsaili mtoto ili imchague, ilhali taasisi iliyowaletea fomu inataka kumsaili.

Je, watoto wamefaidika? Wapo waliofaidika, na si haki kulificha hilo. Utafiti wa kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2023, uliona kwamba kwa wastani mwanafunzi wa shule ya mkataba alijifunza kusoma kama aliyeongezewa siku 16 za masomo kwa mwaka, na hisabati kama aliyeongezewa siku 6, akilinganishwa na mwenzake wa shule ya kawaida. Lakini wastani huo umechanganya shule bora sana na shule mbovu sana. Utafiti huo huo ulikuta kwamba wanafunzi wa shule za mkataba zinazofundisha kwa njia ya intaneti walibaki nyuma sana, hasa katika hisabati. Kwa hiyo anayewaambia kwamba mfumo “umefanikiwa” anapaswa kuulizwa: shule ipi, chini ya nani, na kwa watoto gani?

Upinzani wa wananchi kule nao si jambo la pembeni. Mwaka 2016 wapiga kura wa Massachusetts, jimbo ambalo shule zake za mkataba, hasa za Boston, husifiwa na watafiti, walikataa pendekezo la kuziongeza, na waliokataa walikuwa takriban asilimia 62. Sababu kubwa ilikuwa fedha. Mtoto anapohama, fungu lake huhama naye, lakini gharama za shule anayoiacha hazihami: darasa la watoto 60 likipungukiwa na sita, bado linahitaji mwalimu yule yule na paa lile lile. Huko New Orleans, baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, karibu shule zote za umma ziligeuzwa kuwa za mkataba, na maelfu ya walimu na watumishi, wengi wao Wamarekani weusi waliokuwa nguzo za mitaa yao, wakaachishwa kazi. Alama za mitihani zilipanda baadaye. Hata hivyo, wazazi wengi walilalamika kwamba hapakuwa tena na ofisi moja ya kupeleka malalamiko yao, kwani kila shule ilikuwa na bodi yake, na bodi hiyo hawakuichagua wao.

Nao wazazi wa Chicago wana la kutufundisha. Mwaka 2013 jiji hilo lilifunga shule za umma zipatazo 50 kwa mkupuo, huku shule za mkataba zikiendelea kuwepo. Agosti 2015 watu 12, wakiwamo wazazi na mabibi wa wanafunzi, walianza mgomo wa kutokula kuitetea sekondari ya Dyett, na mgomo huo ulidumu siku 34. Walichodai ni shule ya mtaa, iliyo wazi kwa kila mtoto wa mtaa, inayoendeshwa na mamlaka ya umma. Shule ilifunguliwa tena mwaka 2016, ikiwa ya umma na isiyochagua wanafunzi, ingawa mpango wa masomo walioupendekeza haukufuatwa wote. Nawatajia hawa kwa sababu hawakusema “hapana” peke yake. Waliandaa mpango wao wa shule, wakauweka mezani.

Kwa upande wetu wa Afrika, mfano ulio karibu zaidi na pendekezo lenu ni Liberia. Mwaka 2016 Serikali yake ilikabidhi shule 93 za msingi kwa waendeshaji wanane, walimu wakibaki kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, kama mlivyoahidiwa ninyi. Tathmini ya mwaka wa kwanza ilionesha kwamba watoto walijifunza zaidi, lakini ilionesha pia kwamba baadhi ya waendeshaji walitumia fedha nyingi kupita uwezo wa Serikali kuzigharimia nchi nzima. Mmoja wao, aliyeruhusiwa kuweka kikomo cha wanafunzi kwa kila darasa, aliondoa watoto waliozidi, nao ikabidi watafute shule kwingine. Dada yangu, mtoto anayeondolewa kwa namna hiyo haonekani katika matokeo ya shule iliyomwondoa. Ndiyo maana neno “usaili” lililomo kwenye fomu yenu halinipi amani.

Mtu wa Tanga, kwa kweli, anaijua mikataba ya namna hii kutoka nyumbani. Hospitali ya Muheza, ambayo kila mtu mkoani huiita Teule, ni ya Kanisa la Anglikana, lakini kwa miaka mingi imefanya kazi kama hospitali ya wilaya kwa makubaliano na Serikali, na wagonjwa wa dini zote wametibiwa humo. Mkataba kati ya Serikali na taasisi, basi, si jambo geni wala baya lenyewe. Tofauti ni kwamba pale Kanisa lilikuja na hospitali yake, na Serikali ikaongeza nguvu. Kwenu taasisi haiji na shule. Inaikuta shule mliyoijenga, yenye kiwanja, walimu na watoto, nayo inaomba ipewe mamlaka juu ya vyote hivyo. Anayekuja namna hiyo ndiye mwenye wajibu wa kueleza ataongeza nini, kwa maandishi na kwa hesabu.

Sasa sheria. Shule ya msingi ya umma iko chini ya halmashauri, na kwenu ni Halmashauri ya Jiji. Mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu au kamati ya shule hawana mamlaka ya kuikabidhi kwa mtu, hata kama wazazi wote wangetia sahihi. Miradi ya ubia ina sheria yake ya mwaka 2010, Sheria ya Ubia baina ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi, ambayo imerekebishwa zaidi ya mara moja, nayo inataka upembuzi yakinifu ufanyike na mkataba ukaguliwe kabla ya kusainiwa. Ombeni upembuzi huo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Ombi hilo liwe la maandishi, na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi ibaki kwenye faili la kamati.

Kuhusu mwanao, usikubali aitwe jambo dogo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka saba. Haingii akilini mzazi alazimishwe kuandikisha na shule ya umma ya mtaa iachiwe kumkataa. Nayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma na wenzake katika shule za kawaida. Kifungu hicho cha usaili kikiondolewa kabisa, ndipo mazungumzo yanaweza kuanza.

Mazungumzo yakianza, mambo mengine mawili yasiachwe kwa ajili ya “baadaye”. Kwanza, kiwanja na majengo vibaki mali ya umma, na mkataba useme waziwazi kwamba haviwezi kuwekwa rehani wala kukodishwa kwa mtu mwingine. Pili, iandikwe nini kitatokea siku taasisi itakapoondoka, maana wafadhili huondoka, pengine katikati ya mwaka wa masomo: nani atalipa walimu wa ziada iliowaleta, na vitabu vitabaki kwa nani? Ruzuku ya Serikali kwa mtoto wa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, tena sehemu yake hununuliwa vitabu. Shule iliyozoea matumizi makubwa ya mfadhili haiwezi kurudi kwenye kiasi hicho bila watoto kuumia.

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, Bagamoyo. Nimesikia habari za wazazi wa Tanga na moyo umeniuma. Katika shule niliyostaafia, darasa moja lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja, wengine wakikaa sakafuni. Akitokea mwenye uwezo wa kusaidia, tumfukuze kwa sababu ya fomu?

JIBU

Mwalimu, shikamoo. Uchungu wako ni wa haki, na hao wanaopinga wanapaswa kuusikia, kwa sababu kukataa taasisi hakupunguzi hata mtoto mmoja kwenye darasa la watoto mia. Nisingependa mfadhili afukuzwe. Ningependa apewe masharti, na historia ya mji wako inaonesha kwamba masharti hayamzuii mtu mwenye nia njema. Katika miaka ya 1890 tajiri Sewa Haji alitoa jengo lake hapo Bagamoyo kwa utawala wa Wajerumani liwe shule, na sharti alilolitia yeye mwenyewe lilikuwa kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Huo ulikuwa wakati wa ukoloni, ambapo kuwatenga watoto kwa rangi lilikuwa jambo la kawaida, na hapakuwa na sheria yoyote ya kumlazimisha aseme hivyo. Mtoaji alitangulia kuufungua mlango. Taasisi ya Tanga imetangulia na usaili.

Tena, mfadhili anaweza kusaidia bila kukabidhiwa shule. Anaweza kujenga madarasa na vyoo, kununua madawati, kulipa walimu wa kujitolea kwa makubaliano na halmashauri, kugharimia chakula cha mchana na kumleta mtaalamu wa lugha ya alama, huku mwalimu mkuu akibaki chini ya Afisa Elimu na kamati ikibaki ya wazazi. Ningewashauri wazazi wa Tanga waandike pendekezo la namna hiyo, waliambatishe na muhtasari wa kikao chao wenye majina na sahihi, walipeleke kwa Mkurugenzi wa Jiji, na nakala wampe diwani wao kabla ya kikao kijacho cha baraza. Taasisi ikiona kwamba haiwezi kusaidia pasipo kuchagua watoto na kushika mamlaka ya shule, iende ikaanzishe shule yake binafsi, isajiliwe kama zinavyosajiliwa nyingine, na iiachie halmashauri shule ya mtaa.