Bima imekataa kipimo: daktari wetu yuko upande wa nani?

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi Columbus, Ohio. Mume wangu anafanya kazi ya kubeba mizigo ghalani na ana bima ya kazini, aina ya HMO (mpango ambao mwanachama hutibiwa na madaktari walioandikishwa nao). Mgongo unamsumbua mwezi wa tatu sasa. Wiki mbili hizi maumivu yanashuka mpaka mguu wa kushoto, na kidole gumba kinakufa ganzi. Daktari wake aliomba picha ya MRI (ya kuona ndani ya mgongo), bima ikakataa kwamba "haina ulazima wa kitabibu". Tuliporudi kwake akasema hana la kufanya. Jirani anatuambia madaktari wa HMO hulipwa ili wasitume watu kwenye vipimo. Ni kweli? Na kama ni kweli, maadili ya udaktari yanaruhusu?

JIBU: Marahaba, dada. Kwanza la haraka. Shemeji akishindwa kukojoa au kujizuia, akipata ganzi makalioni na mapajani kwa ndani, au mguu ukianza kulegea, msisubiri barua ya mtu yeyote. Nendeni idara ya dharura saa hiyo hiyo. Kwa huduma ya dharura, sheria ya Marekani hairuhusu bima ya kazini kudai kibali cha awali.

Sasa jirani yenu. Alichosema kina ukweli ndani yake, ila kimekatwa nusu. Katika mipango mingi ya HMO, daktari au kundi la madaktari hulipwa kwa kichwa: kiasi maalumu kila mwezi kwa kila mwanachama aliyeandikishwa kwao, aumwe asiumwe. Wakituma watu wachache kwenye vipimo na kwa mabingwa, pesa inabaki. Mipango mingine huzuia sehemu ya malipo ya daktari na kumrudishia mwisho wa mwaka endapo gharama hazikuvuka kiwango.

Nusu iliyobaki ni hii. Rais Nixon alisaini sheria ya HMO Desemba 1973 wakati gharama za matibabu zikipanda mno, na mfumo wa zamani wa kulipia kila huduma ulikuwa ukimvuta daktari upande wa pili: apime zaidi, apasue zaidi, alaze zaidi. Pesa ilikuwepo chumbani tangu zamani. Ndiyo maana mimi sihukumu daktari kwa namna anavyolipwa. Namhukumu kwa mambo mawili: kama anamwambia mgonjwa ukweli wote, na kama anampigania pale bima inapokosea.

Kwa shemeji, nashuku kuna kosa la karatasi. Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo yasiyo na dalili za hatari, miongozo yetu inatutaka tusikimbilie picha wiki sita za mwanzo. Wengi hupata nafuu bila hiyo, na picha huonyesha kasoro ambazo hata watu wasioumwa wanazo. Kwa hiyo daktari anayesema "tuanze na mazoezi ya viungo" anaweza kuwa anatibu vizuri kabisa. Lakini shemeji yuko mwezi wa tatu, na ganzi inayoshuka mguuni ni habari nyingine. Kama fomu iliyokwenda bima iliandikwa "maumivu ya mgongo" tu, bila kutaja miezi, ganzi, wala dawa na mazoezi aliyokwisha jaribu, aliyeipitia huko ofisini alikataa mgonjwa ambaye hakuelezwa.

Hapo ndipo lile neno "sina la kufanya" linaponiuma. Kuna kesi ya California ambayo kila daktari wa nchi hii angepaswa kuijua. Januari 1977 Bi Lois Wickline alifanyiwa upasuaji wa mshipa mkubwa unaopeleka damu miguuni. Hali haikuwa nzuri, daktari wake akaomba alazwe siku 8 zaidi. Medi-Cal, mpango wa jimbo kwa watu wa kipato cha chini, ukakubali 4. Daktari hakupinga, akamruhusu aende nyumbani. Siku tisa baadaye alirudishwa hospitali, na mguu ukakatwa. Mwaka 1986 mahakama ya rufaa ilisema Medi-Cal haikuwa na hatia katika kesi ile, kwa sababu uamuzi wa kumruhusu mgonjwa ulikuwa wa daktari. Ikaongeza kwamba daktari anayefuata masharti ya mlipaji bila kupinga, hali akili yake ya kitabibu inamwambia vingine, hawezi kukwepa dhamana yake.

Kwa hiyo rudini kwake. Mwulizeni kwa adabu lakini waziwazi: "Kama bima isingekuwepo, ungetaka picha hii?" Mkiona inafaa, mwulizeni pia analipwaje. Swali hilo si la aibu, na daktari mwaminifu atalijibu. Akisema angeitaka, aandike barua yenye tarehe, dalili, alichokiona alipompima mguu na tiba zilizoshindwa, kisha aombe kuzungumza kwa simu na daktari wa bima. Mimi hukaa kwenye simu hizo hata dakika arobaini, na nimeona uamuzi ukigeuka kwa sababu tu mtu alieleza vizuri.

Ninyi nanyi mna haki ya kukata rufaa ndani ya siku 180 tangu mpokee barua ya kukataliwa. Ombeni bure nakala ya vigezo walivyotumia. Kwa kipimo ambacho hakijafanyika, bima za kazini kwa kawaida hutakiwa kujibu ndani ya siku 30, na ndani ya saa 72 daktari akithibitisha kuwa ni haraka. Wakikataa tena kwa sababu za kitabibu, mna angalau miezi minne ya kuomba uamuzi upitiwe na chombo huru nje ya bima, na bima hulazimika kuufuata uamuzi wake.

Na siku ya kurudi kwa daktari, kama Kiingereza kinamtatiza shemeji, dai mkalimani wa Kiswahili mapema, mnapopanga miadi. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu hulazimika kumtoa bila malipo. Usimtume mtoto akatafsiri: neno "ganzi" likipotea njiani, fomu itarudi vilevile.