Mumeo Yuko Macho, Bibie, Unayeota ni Wewe

BARUA: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Washington, Marekani, na mume wangu na binti yetu wa miaka 3. Huku nafasi za chekechea ya serikali hutolewa kwa bahati nasibu, na tangu Desemba sina usingizi. Siku ya kwanza niliamka usiku wa manane ili niwe wa mwanzo kutuma maombi, nikajaza shule zote 12 zinazoruhusiwa. Ile ninayoitamani, ya Kihispania na Kiingereza, niliiweka ya tatu, maana kwenye kundi letu la WhatsApp wanasema shule inayogombaniwa ukiiweka ya kwanza unaungua. Mwisho wa Machi matokeo yakatoka: pale tuko namba 63 kwenye orodha ya wanaosubiri. Tumepata ya nane. Shoga yangu mwanawe kapata ile ile, tena hata hakuwa na presha.

Mume wangu hana habari. Akirudi asubuhi ni kulala tu. Mimi nasuka wateja nyumbani, sina hati ya mshahara, basi nikamwomba abadilishe anuani kazini kwake, hati yake isome kwa binamu yangu ili tumwandikishe mtoto. Kakataa. Mama yake, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, anamuunga mkono, na kutwa anamsemesha mtoto Kiswahili mpaka nahofia atachelewa Kiingereza. Nikivuka Eastern Avenue kwenda kwa huyo binamu ndipo napumua. Nitaishi vipi na mwanamume asiyejali elimu ya mwanawe?
Mkesha, Washington

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukesha. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimkasirikia mumeo. Mara ya pili nilipofika Eastern Avenue nikavua miwani nikaifuta. Mwaka juzi nilikaa huko kwa mwanangu miezi mitano, na barabara hiyo nimeivuka kwa miguu na kikapu nikifuata ndizi za kupika. Upande huu jiji la Washington, ukivuka ni jimbo jingine, Maryland. Ndio mpaka wenyewe. Sasa mtu anayeishi Washington, ana binamu Washington, anavuka mpaka kwenda kwake kufanya nini? Na anuani ya binamu ya nini, kama yako ipo? Wewe unaishi Maryland, bibie. Mstari wa kwanza kabisa wa barua umenidanganya, na mimi ni shangazi yako tu, siye mkaguzi wa serikali.

Tuje kwa mumeo asiye na habari. Anarudi asubuhi. Usiku alikuwa kwenye ngoma? Mtu mwenye hati ya mshahara, anayeingia ndani jua likichomoza, yuko zamu ya usiku, na wewe unalijua hilo ila hukutaka mimi nilijue. Unachomwomba ni kwamba mwajiri wake aandikishwe uongo, kodi yake ikatwe kama mtu wa Washington, halafu karatasi hiyo ipelekwe shuleni kama ushahidi kwamba mnaishi Washington. Hati ni yake na jina ni lake. Likilipuka, anayeitwa ni yeye. Wala si hadithi za kutishia watoto: mwanasheria mkuu wa Washington amekwisha kuwafikisha mahakamani wazazi wa Maryland waliosomesha watoto huko kwa anuani za kuazima, akidai ada ya miaka yote mara tatu. Mara tatu! Utasuka vichwa vingapi kulipa hiyo? Anayekataa kusaini hilo umesema hajali. Mimi nasema katika nyumba hiyo ndiye pekee anayeiona miaka mitano mbele.

Lakini kilichoniuma zaidi si sheria. Unalia kwamba uko namba 63. Haya. Katika ile shule ya nane uliyoipata, ile unayoitaja kama mtu aliyepewa kipapatio, kuna mama aliye namba 1 kwenye orodha ya wanaosubiri. Anaishi pale pale Washington, kodi yake ndiyo inayomlipa mwalimu, na kila simu ikilia anadhani ni shule. Hatapigiwa, kwa sababu kiti cha mwanawe umekikalia wewe wa ng'ambo ya barabara. Usiku unaokesha ukihesabu namba zako, na yeye anakesha, kwa ajili yako. Hilo hukuliandika. Nadhani hata hukuliwaza, na hapo ndipo ninapokulaumu. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Na hao wataalamu wako wa kundini wamekulisha matango pori. Kuamka usiku wa manane kumekupa mafua tu, kwa kuwa maombi yote yaliyofika kabla ya siku ya mwisho yana uzito mmoja. Kompyuta humpa kila mtoto namba ya kubahatisha. Wenye ndugu shuleni na wakazi wa jirani hutangulizwa, halafu mashine inashuka na orodha yako kama ulivyoipanga, ikianza na unayoipenda zaidi. Kuiweka shule ya kwanza hakukuunguzi. Utaratibu huo umetokana na kazi za wachumi akina Alvin Roth, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley, na shabaha mojawapo ni kumfanya mzazi aseme anachokitaka kweli bila kupiga ramli. Wewe ukapiga ramli. Bahati nzuri, haikukupunguzia kitu, maana zote saba za juu umezikosa vile vile.

Ndiyo ndoa za siku hizi. Zamani mke akiwa na jambo alimngoja mume ale, anawe mikono, ndipo amtolee. Kama ni zito, alimtuma somo au mshenga. Sasa wazo likikujia tu, kabla mwenye nyumba hajavua viatu, watu mia na arobaini wameshalijadili na kuliwekea dole gumba. Mume anakuja kupewa hukumu, kesi hakuisikia. Akiuliza, hana maono. Na waume nao, wapo wa kusema "shule ni shule" kisha wakageukia ukutani. Kama wako ni wa hivyo, hilo mlalamikie, nitakuwa upande wako. Lakini barua yako haina hilo.

Kuhusu mama mkwe, nisikilize vizuri. Unakosa usingizi ili mtoto apate Kihispania, lugha isiyozungumzwa na mtu yeyote nyumbani kwako, huku lugha ya pili imekuja yenyewe kutoka Muheza, na begi, na tiketi pengine kalipa mwanawe. Nawe unaihofia! Kiingereza kitamfuata mtoto huyo mpaka bafuni. Kiswahili kina bibi mmoja, na viza ya bibi ina mwisho wake. Mwanangu alifanya hofu yako hiyo hiyo. Leo mjukuu wangu akinipigia simu anasema "shikamoo bibi", mimi naitikia marahaba, kisha tunatazamana kwenye kioo mpaka mama yake aje kutafsiri.

Nami najua jina kukosekana kukoje. Nilipomaliza darasa la saba majina ya waliochaguliwa yalibandikwa ukutani kwa ofisi ya elimu. Baba alishuka na kidole chake orodha nzima, akarudi juu, akashuka tena. Tulirudi nyumbani, tukapitia sokoni, akaninunulia kipande cha kanga wa kuchoma. Hakusema kitu. Sikumwona akimtafuta mtu wa kubadilisha karatasi, na wenye watu wa kubadilisha walikuwepo.

Fanya hivi. Kesho iandikie ile shule kwamba nafasi huichukui, mapema, ili namba 1 apigiwe. Barua zinazokuja kwa binamu zihamishie kwako. Maryland binti yako akitimiza miaka 5 kabla ya Septemba, shule ya mtaa wenu lazima impokee, bila namba wala kukesha. Ni miaka 2 tu. Kama kinachokusukuma ni bei ya kulea mtoto huko (nimeona kwa mwanangu, inatisha), mwambie mumeo hivyo hivyo, pesa ni pesa, usiivike joho la elimu. Muulizeni bibi anaweza kubaki mpaka lini, na tafuteni chekechea ya nusu siku.

Halafu niandikie tena. Safari hiyo iandike mchana, mumeo akiwa ameamka, na umsomee kabla hujaituma.