Betri ya boti kuisha yenyewe ikiwa imefungwa gatini

Kaka, kama betri ni mpya ya 70Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba) na siku tatu tu injini haistati hata ukiwa umezima swichi kubwa, kuna kitu kinakula moto kimyakimya. Usikimbilie kununua betri nyingine kwanza.

Chukua mita ya kupimia umeme (multimita), waya mwekundu uhamishie tundu la 10A, chomoa kebo ya negativu kwenye betri halafu mita ikae katikati ya hiyo kebo na nguzo ya betri, kila kitu kimezimwa, na tafadhali usijaribu kustati hapo utaunguza fyuzi ya mita. Ikisoma chini ya 0.05A hiyo ni redio na saa, achana nayo. Yangu ilisoma 0.6A, piga hesabu mara saa 24, ni kama 14Ah kwa siku, siku tatu zaidi ya nusu ya betri imekwenda.

Sasa chomoa fyuzi moja moja huku unaangalia mita. Mimi ningeanza na pampu ya ngama (ile ya kutoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti), maana ile yenye boya mara nyingi inafungwa moja kwa moja kwenye betri, swichi kubwa haiigusi kabisa. Kwangu kumbe fundi aliunga waya kwa selotepu tu, kiungio kimelala kwenye maji chumvi, nilipofungua shaba imekuwa kijani inavunjika kama majani makavu 😅

Fyuzi zote zikitoka na bado inasoma, toa waya mwekundu mnene wa injini, ikishuka hapo basi mshuku rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri).