Mtoto wako anaanza bunduki ya hewa? Mfundishe kwanza kupaza sauti

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaojiunga msimu huu, karibuni. Nasaidia kusimamia watoto kwenye klabu ya shabaha hapa Marekani, na swali la kwanza ninaloulizwa kila msimu ni bei ya bunduki. Msikimbilie kununua. Klabu nyingi zinazolea wanaoanza, zikiwemo za 4-H (mpango wa malezi ya vijana hapa Marekani), huwa na bunduki za kuazima.

Kinachonihangaisha mimi ni sauti. Tumelelewa kwamba mtoto hamkatizi mkubwa, na ni malezi mema. Lakini kwenye mstari wa kulengea yanaweza kumponza mtu. Amri zote pale ni za msimamizi, isipokuwa moja tu, "Stop". Hiyo ni ya yeyote aliyeona hatari, hata awe na miaka kumi na ndiyo siku yake ya kwanza.

Siku moja kopo la risasi lilidondoka mezani, likabingirika hatua mbili mbele ya mstari. Kijana mmoja akaweka bunduki yake chini akalifuata, ameinama, huku wenzake wawili mashavu yao bado yamelalia vitako vya bunduki. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, namfungia mtoto mwingine mkanda. Binti mmoja mkimya, ambaye hata salamu yake huwezi kuisikia, akapiga ukelele: "Stop!" Vidole vyote vikatoka kwenye vifyatulio. Kosa lilikuwa langu, na aliyetuokoa ni mtoto. Tangu siku hiyo hakuna mgeni anayeshika bunduki kwangu kabla ya kupiga ukelele huo mara tatu.

Mengine mtayazoea haraka: mtutu uelekee kwenye shabaha muda wote, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga, chemba, yaani pale risasi inapowekwa, ibaki wazi mpaka msimamizi aseme. Kuna pia uzi wa plastiki wa rangi kali unaopitishwa ndani ya mtutu ukatokeza pande zote mbili. Ukiuona huo, unajua ndani hamna kitu. Kosa la wanaoanza ni furaha: mtoto anapata alama kumi, anageuka kumtafuta mama, na mtutu unageuka naye. Kwa hiyo mama, nakuomba, usimwite jina akiwa mstarini.

Asikudanganye mtu kwamba hewa ni mchezo wa kitoto. Kirisasi cha milimita 4.5 kinaweza kutoboa jicho, na kikigonga kitu kigumu hurudi. Miwani ya kinga haivuliwi. Tena virisasi vingi vimetengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Sisi tunaokula kwa mkono tuwe wakali hapa: hakuna sambusa mstarini, na mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chochote cha kula.

Kuhusu kulenga kwenyewe, msikate tamaa mapema. Shabaha iko mita 10, na duara la kumi lina upana wa nusu milimita, kinukta tu. Anza kwa kulala kifudifudi, maana kusimama ndiko kugumu kuliko kote. Ukiona umelenga muda mrefu na mkono umeanza kutetemeka, shusha bunduki, pumua, anza upya. Risasi ambayo hukuipiga haikupunguzii alama, ila muda usiuache uishe.

Nguvu za mwili si kigezo. Mashindano ya vyuo vikuu hapa huwachanganya wanaume na wanawake. Ban Hyo-jin wa Korea Kusini alianza mchezo huu mwaka 2021, na kwenye Olimpiki ya Paris 2024 akachukua dhahabu akiwa na miaka 16.

Siku ya kwanza njooni mapema, na viatu vya soli bapa. Nitamsimamisha mwanao nyuma ya mstari nimwombe apige ule ukelele. Akinong'ona, tutarudia mpaka wa mwisho mstarini asikie.