Kutafsiri picha za vita: pa kucheka na pa kunyamaza

Anayeanza kutafsiri picha, yaani kuweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu ya kigeni, kwa ajili ya vibanda umiza (vibanda vya kuonyeshea video) vya Mtwara huanza na za vita, maana ndizo zinazojaza benchi. Msimu wa korosho ukifunguka, Tandahimba na Newala hela inatembea, na kibanda cha watu hamsini kinapokea themanini huku wengine wakichungulia dirishani. Hapo ndipo kijana hubeba picha yoyote yenye bunduki kwenye kava, akafungua maiki na kuanza kuchekesha mwanzo mwisho. Anadhani picha ya vita ni moja tu: kuna maadui, kuna mabomu, steringi hafi.

Ndani ya rundo hilo kuna mbili zinazofanana sura na ni lazima uzitenganishe kabla hujasema neno. Ya kwanza ni ya kejeli, inayowacheka wenye vita: jenerali, gwaride, medali, amri za kipumbavu. Ya pili ni ya kuchuma, iliyotengenezwa kwa hela ndogo na kwa siku chache ili kuuza damu na uchi, vita vikiwa kisingizio. Zote mbili hazina adabu na zote zina ofisa mwenye makelele. Mfano mzuri uko Marekani. Kuanzia 1965 hadi 1971 televisheni ya huko ilionyesha Hogan's Heroes, vichekesho vya mateka ndani ya kambi ya Wajerumani. Werner Klemperer, aliyeigiza mkuu wa kambi, alitoka familia ya Kiyahudi iliyoikimbia Ujerumani ya Hitler, na alikubali kazi kwa sharti kwamba yule mkuu wa kambi asishinde hata mara moja. Mwenzake Robert Clary alikuwa ametoka hai kwenye kambi ya Buchenwald. Mabanda yale yale ya kuigizia yakaja kutumika kwenye picha iitwayo Ilsa, ya 1975, iliyoongozwa na Don Edmonds, ambayo kazi yake kubwa ni kuonyesha wanawake wakiteswa. Mbao zile zile, uzio ule ule. Kilichobadilika ni mahali kamera ilipokaa na nani anachekwa.

Kwa hiyo itazame picha kwanza kabla hujaandika chochote. Zima sauti kabisa, shika saa. Mateso yanapoanza, hesabu sekunde ambazo kamera inamwangalia anayetesa na sekunde ambazo inauangalia mwili wa anayeteswa. Mtazamaji anaelewa kwamba mtu anaumizwa ndani ya sekunde mbili au tatu. Kamera ikibaki kwenye mwili sekunde kumi na tano, ikazunguka, ikarudi, hiyo haielezi tena, inauza. Si sheria ya msahafu, zipo picha nzito za heshima zinazokaa muda mrefu kwa makusudi. Lakini ukiona kamera haitaki kuondoka na pia aliyefungwa hana jina wala hajasema neno tangu picha ianze, umeshajua uko sokoni.

Usidanganywe na maandishi ya mwanzo. Watengenezaji wa picha za kuchuma wana ujanja wa miaka mingi: wanafungua na tangazo kwamba haya yalitokea kweli na wanayaonyesha ili yasirudie. Ilsa inalo. Hilo ni la kumtuliza mkaguzi na kumpa mnunuzi sababu ya kutoona haya. Ukilitafsiri kwa sauti nzito ya taarifa ya habari, umemsaidia mwenye duka.

Sasa, kuna watu watakwambia vita havichekwi. Anayesema hivyo hajakaa kwenye msiba wenye watani. Huku kwetu mtani anaingia msibani, analala mahali pa marehemu, anamwiga alivyokuwa akidai deni, anazuia jeneza mpaka apewe hela, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Na utani mwingi wenyewe ulizaliwa vitani, kama ule wa Wangoni na makabila waliyopigana nayo karne ya 19. Ila mtani yuleyule ndiye anayeshika jembe la kuchimba kaburi. Hamchezei mjane, wala hamwigi mtoto anayelia. Anayeingia msibani akacheka bila kuwa mtani hafukuzwi kwa sababu amecheka, anafukuzwa kwa sababu haijulikani amekuja kufanya nini. Mtafsiri wa picha za vita anatakiwa ajulikane amekuja kufanya nini.

Mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, nayo ni shule. Kinyago cha mkoloni kinachekesha kwa mwendo: jinsi bwana mkubwa anavyotembea kama ardhi ni ya mama yake. Kwenye picha tafuta mwendo huo. Ofisa anayerekebisha kofia mara tatu, anayeteleza kwenye ngazi, anayepiga saluti mtu asiyemtazama, hapo mwaga maneno yote uliyonayo. “Medali zimejaa kifuani kama vifuniko vya soda, na vita hajaviona hata kwa darubini.” Benchi litaanguka. Picha ikihamia kwenye foleni ya mateka, mzaha ukome.

Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi, na kuna sababu ya kiufundi. Wengi tunatumia Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ambayo ina kazi ya kushusha sauti ya picha yenyewe kila unapoongea. Bila kubadilisha kitu inashusha desibeli 12. Kuitumia, wimbo (track) wa sauti yako lazima ukae chini ya wimbo wa picha kwenye skrini, halafu chagua ule wa picha. Ukiuweka juu, programu italalamika na wewe utadhani imeharibika. Sasa angalia kinachotokea. Imewekwa pia ihesabu kimya cha zaidi ya sekunde moja kuwa umemaliza kuongea, kwa hiyo inapandisha sauti ya picha. Ukinyamaza sekunde nane kwenye tukio la mateso kwa heshima zako, mayowe yanapanda desibeli 12 na kujaza kibanda. Umekaa kimya, lakini picha imepiga kelele mara nyingi zaidi, na watoto waliolala nyumba ya pili wameamka. Kimya cha kweli kinatengenezwa kwa mkono: shika kifaa cha kuvuta mstari wa sauti, teremsha sehemu hiyo ya picha kiasi cha desibeli 6 hadi 9, anza kuteremsha nusu sekunde kabla ya yowe la kwanza, na usirudishe mpaka kamera imehama. Watazamaji hawatajua umefanya nini. Watakaa kimya tu.

Hesabu ya maneno nayo iwe kichwani. Kiswahili cha kusikika kwenye spika mbovu ni kama maneno mawili kwa sekunde, si zaidi, kwa sababu maneno yetu ni marefu. Tukio la sekunde sita linabeba maneno kumi na mawili. Andika kwenye daftari: dakika, sekunde, nani anachekwa, maneno. Safu ya “nani anachekwa” ndiyo ya maana kuliko zote. Ukiisoma kuanzia juu hadi chini ukakuta umeandika “mwanamke”, “mateka”, “mwanakijiji” mara nyingi kuliko “ofisa”, umeandika picha nyingine kabisa, na ni mbaya kuliko uliyopewa.

Tukio moja tulitazame kwa karibu. Ofisa ameketi mezani, nyuma yake dirisha, nje watu wamepangwa mstari. Anaandika idadi, anakosea, anafuta. Muda wote ni sekunde kumi na moja. Mtafsiri mgeni husema: “Wale kule wamekonda kama fito, upepo ukivuma tu wanaruka!” Kicheko kinatoka, cha haraka, kisha kinakufa. Mzoefu humwangalia mwenye kalamu: “Thelathini na moja. Hapana, thelathini na tatu. Anafuta. Daftari lisichafuke, bwana.” Hayo ni maneno kumi na moja, sekunde sita hivi. Sekunde tano zilizobaki ni za dirisha. Watu watacheka kwenye “bwana”, halafu macho yao yataenda dirishani yenyewe.

Picha inayotutega zaidi sisi Watanzania ni ile ya 1981 ya Sharad Patel kuhusu Idi Amin, iliyopigwa Kenya, Joseph Olita akiwa Amin. Ilitoka miaka miwili tu baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979. Ni picha ya kuchuma kweli kweli, mpaka friji lenye vichwa vya watu limo. Olita alimpata Amin vizuri mno, na hapo ndipo mtego ulipo: kila mtafsiri anataka kuiga ile sauti nene. Ukimfanya Amin aongee kikatuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, nusu saa baadaye watazamaji wameshampenda. Amekuwa mjomba mchekeshaji, na akiamuru mtu auawe wanasubiri kichekesho. Dawa yake ni sauti mbili. Sauti ya kikatuni iwe kwenye majivuno peke yake: medali, karamu, vyeo. Na vyeo usitunge, maana mwenyewe alijiita Mshindi wa Dola ya Uingereza na Bwana wa wanyama wote wa nchi kavu na samaki wa baharini. Visome kama katibu wa kijiji anavyosoma mahudhurio na uache. Akianza kutoa amri, rudi kwenye sauti yako ya kawaida, ya chini, bila lafudhi. Friji likifunguliwa usiseme kitu. Kwenye benchi anaweza kuwepo mzee aliyepigana Kagera, naye hakwenda kule kucheka friji.

Na hilo linaleta suala la wasikilizaji. Maneno yanayopita Dar es Salaam bila mtu kugeuka, Mtwara hayapiti hivyo. Ng'ambo ya Ruvuma ni Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji. Kuna familia zilizovuka mto wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, 1964 hadi 1974, na tangu 2017 huko kunawaka tena. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilishambuliwa. Kwa hiyo “chinja chinja” kama kiitikio cha kuchekesha kiondoe kabisa kwenye kazi zako. “Wamevuka mto” usiseme kwa mzaha, hata kama kwenye picha mto ni wa Vietnam. Tumia “adui”, tumia “wale jamaa”, taja jina la kikosi kama lipo. Jambo hilo halimo kwenye sheria yoyote, lakini ukikosea mara moja Kilambo au Nanyamba, mwenye kibanda hatakuita tena, na hatakwambia sababu.

Wakati nao una nguvu zake. Charlie Chaplin alimfanyia Hitler dhihaka kwenye picha ya 1940, na ikapendwa duniani. Baadaye, kwenye kitabu cha maisha yake, aliandika kwamba angejua unyama halisi wa zile kambi asingeweza kuitengeneza. Kichekesho hakikubadilika hata neno moja, kilichoongezeka ni tunachojua. Ndiyo maana kazi uliyotafsiri miaka mitano iliyopita irudie kuisikiliza kabla hujaiuza tena.

Bango la nje watu hulisahau, wakati ndilo linaloleta ugomvi kabla ya picha yenyewe. Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipokuja juu kuhusu kanda za video, waliolalamika wengi walikuwa wameona makava na matangazo magazetini, yakiwemo yale ya wanawake waliofungwa na Wanazi. Iliishia na orodha ya waendesha mashtaka yenye picha 72 na sheria ya 1984 ya kukagua kanda za video. Hapa kwetu bango linabandikwa kwenye bati la mbele, njia wanayopita watoto wakitoka madrasa. Andika jina la picha, saa na kiingilio. Ukitaka sura, weka ya steringi au ofisa mwenye medali. Mwanamke aliyefungwa kamba, hata nusu yake, usiweke.

Ya sheria ni mafupi. Kuonyesha picha hadharani kunasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya 1976, na kuweka sauti yako juu ya kazi ya mtu bila ruhusa yake kunagusa Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Wengi wanajifanya hawajui. Anayetaka kudumu atafute picha ambazo wenyewe wanatoa ruhusa, au ashirikiane na vijana wanaotengeneza zao. Na hapa malighafi ya kejeli ya vita haijaguswa. Oktoba 1917 Mahiwa, kusini-magharibi mwa Lindi, Waafrika wa jeshi la Mwingereza na Waafrika wa jeshi la Mjerumani waliuana siku nne kwa ugomvi wa Ulaya. Miaka thelathini baadaye Waingereza wakaja na mpango wa karanga, wakaleta vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, na ardhi ikavishinda. Picha hiyo haihitaji mtu kuonyeshwa akichinjwa ili ijaze kibanda.

Kabla hujatoa kazi, ijaribu. Masika epuka, mvua kwenye bati inameza kila kitu na utadhani vichekesho vimekufa. Chukua dakika ishirini zenye tukio gumu zaidi, ita watu wanne: mama mtu mzima, mzee, kijana wa bodaboda na mmoja aliyekulia upande wa mtoni. Kaa pembeni ya televisheni, uwatazame wao, daftari mkononi. Wakicheka wakitazamana, weka alama ya vema. Akicheka kijana peke yake huku mama ametazama chini, andika dakika na sekunde. Kicheko kinachotoka na kiganja kimefunika mdomo, kiandikie mstari mwekundu, rudi kwenye kompyuta usiku huo huo, ufute maneno na kuteremsha sauti kwa mkono.